Ukihitaji Wakili wa Jinai au wa Ndoa: Mwongozo kwa Watu wa Nambis na Jirani Zao

Wengi wetu humtafuta wakili kesi ikiwa imeshaiva. Mshtakiwa amekwisha kuandikisha maelezo polisi, mke amekwisha kurudishwa kwao na watoto wamegawanywa, ng'ombe waliokuwa ushahidi wamekwisha kuuzwa mnadani. Wakili hodari anaweza mengi, lakini ushahidi uliopotea hana pa kuutoa. Mwongozo huu ni wako wewe unayeishi Nambis, Kainam, Tlawi au Daudi, au huko Dongobesh, Haydom na Katesh, ambaye siku moja shauri la jinai au la ndoa linaweza kukufikisha mbele ya hakimu. Ninachokuomba ni kwamba umwone wakili mapema, umchague yule ambaye kazi yake hasa ni kuendesha kesi mahakamani, na umpelekee vitu vya kufanyia kazi.

Wakili ni nani, na utamjuaje

Tanzania Bara, mtu haitwi wakili kwa sababu amesoma sheria tu. Baada ya shahada, hupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, kisha hukubaliwa na Jaji Mkuu na kuandikwa katika orodha ya mawakili. Hapo hupata namba yake, huwa mwanachama wa Chama cha Wanasheria Tanganyika kilichoanzishwa mwaka 1954, na kila mwaka hutakiwa kuhuisha leseni yake. Asiyehuisha haruhusiwi kukuwakilisha, hata kama alikuwa wakili mashuhuri mwaka jana.

Kumhakiki si kazi kubwa. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa mtandaoni uitwao e-Wakili. Unaandika jina au namba yake, na mfumo unakuonyesha kama yuko hai kikazi. Kama simu yako haina intaneti, mwombe kijana wa nyumbani akutafutie kabla hujatoa hata shilingi. Fanya hivyo bila kuona haya, kwa sababu vishoka wapo. Huvaa suti, hukaa karibu na mahakama wakiwa na mabahasha, huandika barua nzito zenye mihuri, na siku ya kesi hawaonekani. Mtu aliyeuza mbuzi watatu kumlipa kishoka hurudi nyumbani akiwa hana mbuzi wala utetezi.

Ukishajua kwamba ni wakili kweli, uliza kuhusu uzoefu wake. Kuna mawakili ambao miaka yote huandika mikataba ya kampuni na kusajili viwanja. Kazi hiyo ni ya heshima, lakini haimfundishi mtu kumhoji askari polisi aliyetoa ushahidi wa uongo. Muulize bila kuzunguka: ni lini mara ya mwisho alisimamia kesi ya jinai hadi hukumu? Amewahi kuendesha shauri la talaka na mgawanyo wa mali katika mahakama ipi? Kuna tovuti ya TanzLII ambako hukumu nyingi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani husomwa bure, na nyingi hutaja mawakili waliosimama. Andika jina lake uone aliyoyafanya. Kushindwa kesi hakumfanyi kuwa mbaya. Unachotafuta ni dalili kwamba ameizoea kazi ya kusimama, kuuliza na kubishana kwa hoja.

Muulize pia kama anamjua au amewahi kumtetea mtu wa upande wa pili. Mbulu na Katesh ni miji midogo, mawakili ni wachache na koo zimeunganika. Wakili mwadilifu atakwambia mwenyewe kwamba hawezi kuichukua kazi yako kwa sababu hiyo, na ukiambiwa hivyo mshukuru.

Saa za kwanza polisi

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa kesi nyingi za jinai hushinda au hushindwa katika chumba cha mahojiano, miezi kadhaa kabla ya shahidi wa kwanza kuapa.

Ukikamatwa, una haki ya kuambiwa unakamatwa kwa kosa gani. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inataka aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au mapema iwezekanavyo pale isipowezekana. Muda wa msingi wa kukuhoji ni saa 4 tangu uwe chini ya ulinzi, na kuuongeza kuna utaratibu wake. Kwa hiyo shika saa. Mwombe ndugu aliyekufuata kituoni aandike kwenye karatasi saa uliyokamatwa, saa uliyoingizwa kituoni, na saa uliyotolewa kuhojiwa. Karatasi hiyo wakili ataifurahia kuliko hadithi ndefu, maana maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda bila kibali yanaweza kuondolewa kwenye kumbukumbu za mahakama.

Una haki ya kunyamaza, na una haki ya kumwita wakili, ndugu au rafiki awepo unapoandikishwa maelezo. Kunyamaza si kiburi wala si kukiri. Unaweza kusema kwa adabu: "Afande, nitaeleza wakili wangu akifika." Baki hapo. Usitukane, usikimbie, usitoe chochote ili uachiwe. Dhamana ya polisi hailipiwi, na anayekuomba fedha kwa ajili yake anakuibia.

Kuna jambo la lugha ambalo kwetu lina uzito wa pekee. Bibi wa Kainam aliyeishi maisha yake yote kwa Kiiraqw, au mzee wa Kidatoga kutoka pande za Hanang, huulizwa kwa Kiswahili, hujibu kwa maneno machache anayoyajua, na askari huandika sentensi ndefu zilizonyooka. Kisha kidole gumba kinabonyezwa kwenye wino. Miezi sita baadaye karatasi ile inasomwa mahakamani kama ungamo lake. Kama wewe au mzazi wako hamkimudu Kiswahili, dai mkalimani tangu kituoni, na jina lake liandikwe kwenye maelezo. Dai usomewe yote kwa lugha unayoielewa kabla ya kutia saini au dole. Pakiwa na neno ambalo hukulisema, sema lifutwe. Wasipolifuta, mweleze wakili siku hiyohiyo ungali unakumbuka, kwa sababu pingamizi dhidi ya maelezo hutolewa pale yanapoletwa kupokewa kama kielelezo. Ukisubiri hadi utetezi wako, mlango umeshafungwa. Mahakamani vilevile una haki ya mkalimani. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu, na hilo limewasaidia mamilioni, lakini kwa bibi yule bado ni lugha ya ugenini.

Kesi ikishafunguliwa

Kuhusu dhamana mahakamani, andaa mapema barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa kwa kila mdhamini, na kitambulisho cha NIDA. Makosa kama mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha hayana dhamana kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo anayekuahidi kumtoa ndugu yako kwa milioni moja anakudanganya.

Zoea pia tofauti ya siku ya kutajwa na siku ya kusikilizwa. Kutajwa ni kuangalia hatua iliyofikiwa; kusikilizwa ndiko mashahidi huja. Ukiwa nje kwa dhamana, zote mbili lazima ufike, hata mvua inyeshe na barabara ya Mbulu iwe tope, la sivyo itatolewa hati ya kukukamata na wadhamini wako watasumbuliwa.

Kazi ya wakili wa kesi huonekana zaidi anapomhoji shahidi wa Jamhuri kwa maswali ya dodoso. Chukua mfano wa wizi wa mifugo, kosa ambalo Mbulu na Hanang hulisikia sana. Shahidi anasema aliamka usiku, akamwona mshtakiwa akiswaga ng'ombe. Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilieleza mambo ya kupimwa kabla ya kuamini utambuzi wa namna hiyo: alimwona kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, alimfahamu kabla au la. Basi wakili atauliza: mwanga ulitoka wapi? Koroboi, tochi, au mbalamwezi? Tochi aliishika nani, na alimmulika mtu au ng'ombe? Mtu yule alikupa uso au mgongo? Ulimtaja jina kwa jirani wa kwanza aliyefika, au ulimtaja polisi siku tatu baadaye? Halafu atahamia kwa ng'ombe wenyewe. Kusema "ni mwekundu mwenye pembe" hakutoshi, maana wapo wengi wa namna hiyo. Mwenye mali alitaja chapa, sikio lililokatwa au kovu kabla ya kuonyeshwa ng'ombe, au baada?

Unaona basi kwa nini wakili atakuuliza mambo madogo madogo yanayokuchosha. Mjibu ukweli wote, pamoja na ule unaokuaibisha. Mazungumzo yenu ni siri kisheria. Kinachomwangusha wakili ni kuusikia ukweli huo kwa mara ya kwanza kutoka kwa shahidi wa upande wa mashtaka. Na kama ulikuwa kwingine usiku ule, mwambie mapema, kwa sababu utetezi wa kutokuwepo hutakiwa kutolewa taarifa kabla.

Huruma ya watu haitoshi mahakamani. Wazee wa Hanang wanaikumbuka kesi ya ardhi ya kijiji cha Mulbadaw dhidi ya shirika la NAFCO, enzi za mashamba makubwa ya ngano. Wanakijiji walishinda Mahakama Kuu, kisha katikati ya miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi ule, kwa kuwa umiliki wao haukuthibitishwa kwa ushahidi ambao sheria iliutaka. Kesi ile inaniuma hadi leo, na ndiyo maana narudia: risiti, shahidi na tarehe.

Ndoa ikivunjika

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29, hairuhusu uende moja kwa moja mahakamani kudai talaka. Kwanza mgogoro upelekwe Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, ambalo kwa kawaida utalikuta kwenye kata, na kwenye baadhi ya taasisi za dini. Baraza likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati inayosema hivyo. Bila hati hiyo shauri lako litatupwa, isipokuwa kwa sababu chache maalumu ambazo sheria imezitaja, kama mwenza kutoroka na kutojulikana alipo. Nimesoma hukumu za talaka zilizofutwa kwenye rufaa baada ya miaka ya kuhangaika kwa sababu hati ya baraza ilikuwa na kasoro. Kabla hujaondoka ofisi ya kata, hakikisha majina yenu yameandikwa sawasawa, tarehe ipo, saini na muhuri vipo, na imeandikwa wazi kwamba baraza limeshindwa kuwasuluhisha. Barua ya mtendaji isemayo "wana mgogoro, wasaidiwe" si hati hiyo.

Mabaraza yetu ya kimila yana thamani yake. Vikao vya wazee wa Kiiraqw vimetuliza nyumba nyingi, na Wadatoga wana baraza la akina mama, girgwageda gademga, ambalo humtoza faini mwanamume aliyemkosea mwanamke. Yatumieni kwa moyo safi. Jueni tu kwamba uamuzi wao hauchukui nafasi ya hati ya Baraza la Ndoa, na hauvunji ndoa mbele ya sheria.

Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu zote zina mamlaka ya kusikiliza talaka. Kwa miaka mingi wakili hakuruhusiwa kusimama Mahakama ya Mwanzo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliufungua mlango pale mahakama hiyo inapoongozwa na hakimu mkazi. Muulize wakili wako ni wapi pa kuanzia kulingana na mali mliyo nayo. Kama ni shamba na nyumba moja, Mahakama ya Mwanzo hugharimu kidogo na huwa karibu.

Mahakama itataka kuridhika kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ukatili, uzinzi, kutelekezwa, na kutengana kwa miaka 3 ni miongoni mwa ushahidi unaozingatiwa. Kwa hiyo kama ulipigwa, fomu ya PF3 na kadi ya hospitali ni za kutunzwa. Hakuna mila inayompa mume ruhusa ya kumpiga mke. Sheria ileile ya 1971 imelikataa hilo kwa maneno ya wazi.

Kuhusu mali, kila mwanamke wa Nambis anapaswa kuijua hukumu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983. Mahakama ya Rufani, kwa kalamu ya Jaji Mkuu Nyalali, ilikubali kwamba kazi za nyumbani, kupika, kulea na kutunza, ni mchango katika mali iliyochumwa wakati wa ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, maana mahakama iliona kwamba fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya maendeleo ya familia alizitumia vibaya. Kanuni ikabaki, na imewasaidia wengine. Lakini kanuni haijithibitishi. Wakili atakuuliza: nani alilima hilo shamba la vitunguu saumu? Nani alichota maji ya kufyatulia tofali? Ng'ombe wa kwanza alitoka wapi, na waliozaliwa walichungwa na nani? Tafuta jirani aliyeona, fundi aliyelipwa, katibu wa kikundi cha kuweka akiba aliyeandika mkopo wako daftarini. Nawe mwanamume, kama shamba ulirithi kabla ya kuoa, leta wazee wanaojua. Mahakama hugawa kilichochumwa pamoja au kuboreshwa kwa juhudi za pamoja.

Mlioishi pamoja bila ndoa kufungwa nanyi msikate tamaa. Mkikaa miaka 2 au zaidi na jamii ikawajua kama mume na mke, sheria inachukulia kwamba ninyi ni wanandoa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mahakama inaweza kutoa amri za matunzo na nafuu nyingine.

Watoto wana sheria yao, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kabla yake, mama aliyezaa nje ya ndoa aliweza kupewa matunzo yasiyozidi shilingi 100 kwa mwezi. Aibu hiyo imekwisha. Mtoto aliye chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa ni vema akae na mama, ingawa dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi. Muone ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri mapema, kwa kuwa mahakama hutegemea sana ripoti yake. Tafadhali usimfundishe mtoto maneno ya kusema dhidi ya mzazi mwenzako. Mahakimu huyatambua, na mtoto hubeba jeraha hilo peke yake.

Mirathi nayo huangukia kwa wakili huyuhuyu. Kwa anayefuata mila au Uislamu, shauri hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo ya alikokuwa akiishi marehemu, mkiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo.

Jambo moja, mahakama mbili

Mume amempiga mke, mke ameenda Dawati la Jinsia na Watoto, na wiki ileile amefungua shauri la talaka. Hapa ndipo unapohitaji wakili anayejua jinai na ndoa kwa pamoja, maana unachokisema chini ya kiapo kwenye shauri moja kinaweza kukurudia kwenye lingine. Mume akidai kwenye talaka kwamba "nilimpiga kwa sababu alichelewa", amekwisha kujifunga kwenye jinai.

Na familia zisikimbilie kumaliza kila kitu nyumbani. Kwa shambulio la kawaida mahakama yenyewe inaweza kuhimiza mapatano. Makosa ya ubakaji na kumpa mimba mwanafunzi hayamalizwi kwa ng'ombe. Kesi hizo ni za Jamhuri, na anayepokea ng'ombe ili shahidi afichwe anajiingiza mwenyewe kwenye kosa.

Ada, na kama huna ada

Kubaliana ada kwa maandishi: kazi ni ipi, inaishia hatua gani, nauli ya kwenda Babati ni juu ya nani, utalipa kwa awamu ngapi. Dai risiti. Wakili anayekuhakikishia ushindi, au anayeomba fedha "ya hakimu", achana naye siku hiyohiyo. Mwenendo wake unaweza kulalamikiwa kwenye Kamati ya Mawakili.

Kama huna uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imekutambua. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa hukuelekeza, hukusaidia nyaraka na usuluhishi bila malipo, ingawa hawasimami mahakamani badala yako. Waulize ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, nayo hufika hadi vijijini. Inapotangazwa, nenda na nyaraka zako zote. Mshtakiwa wa mauaji hupangiwa wakili kwa gharama ya Serikali. Katika kesi nyingine za jinai, mwombe hakimu kwa sauti ili iandikwe: "Mheshimiwa, sina uwezo wa kuweka wakili, naomba msaada wa kisheria."

Hukumu ikishasomwa

Siku zinaanza kukimbia palepale. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya kwenye jinai, rufaa ni ndani ya siku 30. Kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu, taarifa ya nia ya kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na sababu za rufaa ndani ya siku 45, bila kuhesabu siku za kusubiri nakala. Kwa mashauri ya ndoa ni siku 45. Aliyefungwa anaweza kupitisha rufaa yake kwa mkuu wa gereza. Zamani tulipanda basi hadi Arusha kufuata Mahakama Kuu. Sasa masjala yake ya Manyara iko Babati. Kabla hujatoka nje ya jengo, andika barua ya kuomba nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri, ipeleke kwa karani, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe ya siku hiyo.